Lugha, ukoo na uraia katika vita vya Kongo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba. Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kwa kuwa Kiswahili kimetawala mashariki na Kilingala magharibi, aghalabu vita vya Kivu, eneo la mashariki, huelezwa kama ugomvi wa pande hizo mbili. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayafiki mbali.

Kiswahili kiliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka Zanzibar. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Huko Katanga kilienea migodini, miongoni mwa vibarua wa Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906. Kilingala kilipanda mto na askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni, kisha kikawa lugha ya jeshi la Rais Mobutu na ya muziki wa dansi uliopendwa hadi Dar es Salaam na Nairobi. Ndiyo maana mkazi wa Bukavu anaweza kucheza rumba ya Kilingala Jumamosi usiku, na Jumatatu akaisikia lugha hiyohiyo kwenye kizuizi cha askari barabarani ikimdai chochote kabla hajapita.

Tarehe 17 Mei 1997 mambo yaligeuka. Wapiganaji wa AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila uliomng'oa Mobutu, waliingia Kinshasa wakisema Kiswahili, na miongoni mwao walikuwamo watoto wenye bunduki walioitwa “kadogo”. Wenyeji waliona kama wametekwa na wageni. Agosti 1998, Kabila alipokosana na Rwanda, iliyokuwa imemsaidia, na uasi mpya ukazuka Goma, Watutsi na waliodhaniwa kuwa Watutsi waliuawa katika mitaa ya Kinshasa. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa 2006, Joseph Kabila, mwana wa Laurent-Désiré aliyekulia Tanzania, alipata asilimia 58 kwa nguvu ya kura za mashariki. Jean-Pierre Bemba alipata asilimia 42, nyingi zikitoka upande wa Kilingala.

Katanga, hata hivyo, inaivuruga picha hiyo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya jimbo jirani la Kasai walifukuzwa huko kwa maelfu. Wengi walizaliwa Katanga na walikisema Kiswahili cha mji sawasawa na jirani zao: “batoto” kwa watoto, “aksanti” kwa asante. Walioongoza uchochezi waliwaita “bilulu”, yaani wadudu, na tusi lenyewe lilikuwa la Kiswahili hichohicho. Kilichoulizwa ni asili ya baba na nani apewe kazi mgodini.

Kivu nako swali ni la asili, na huko limeandikwa hadi katika sheria. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 iliufuta na kudai mtu athibitishe kuwa kabila lake lilikuwamo nchini mwaka 1885, jambo ambalo mfugaji wa Masisi au Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa milima ya Itombwe, hana cheti chake. Sheria ya 2004 ilisogeza kipimo hadi uhuru wa 1960. Kufikia hapo uraia na ardhi vilikwisha kugombaniwa kwa silaha. M23, kundi linalosema linawatetea Watutsi wa Kongo na ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa kina jinsi Rwanda inavyolisaidia, liliiteka Goma Novemba 2012, likashindwa mwaka uliofuata, likarudi vitani mwishoni mwa 2021 na kuuteka tena mji huo Januari 2025. Wanamgambo wanaopigana nalo upande wa serikali hujiita Wazalendo, na kabla yao walikuwapo Mai-Mai, ambao jina lao linatokana na maji ya dawa yaliyoaminika kuzuia risasi. Majina hayo mawili ni ya Kiswahili, na pande zote mbili wamo wanaokisema.

Hata kwa majirani wanaosema Kiswahili, lugha ya pamoja haikutosha: Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kikosi cha jumuiya hiyo kilianza kuwasili Goma Novemba mwaka huo. Kinshasa ilikataa kukiongezea muda, nacho kikaondoka Desemba 2023.