Kujitegemea Hakukuiokoa Litowa

Hakuna asasi ya kijamii hapa nchini ambayo haijawahi kuulizwa na mfadhili: mradi ukiisha, mtaendeleaje? Nimeandika habari za asasi kwa miaka kadhaa, na majibu ninayoyakuta kwenye maandiko ya miradi yanafanana. Tutafuga kuku. Tutakodisha ukumbi. Wanachama watachangia ada. Ni majibu mazuri tu, ila yote yanachukulia kwamba uhai wa asasi ni suala la hela. Historia yetu wenyewe inasema vingine, na ushahidi mkubwa uko Songea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda Litowa kuanzisha kijiji cha kuishi na kulima pamoja. Hakukuwa na sera ya kuwasukuma. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka kadhaa mbele. Mwaka 1963 alijiunga nao Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, akaja na familia yake kuishi palepale kijijini kama mshauri. Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika Ruvuma Development Association. Kufikia 1969 vilikuwa vijiji vipatavyo 17.

Kinachonivutia ni namna walivyojiendesha. Watu walikula walichokilima. Chama kilikuwa na kinu cha kusaga nafaka mjini Songea, mashine ya kupasua mbao, karakana na kazi ya kufuma sufu. Misaada ya nje ilikuwepo, hilo lisifichwe, ila ilisaidia hasa kupata mitambo na utaalamu. Haikuwa ya kuwalisha watu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mfadhili anayelipa posho akiondoka, mkutano unavunjika. Aliyenunua kinu akiondoka, kinu kinaendelea kusaga.

Maamuzi nayo yalikuwa ya kwao. Wanakijiji walikaa mkutanoni wakapanga kazi na kugawana mapato. Shule ya Litowa ilifundisha watoto darasani na shambani, na elimu yao ililenga maisha ya kijijini badala ya kuwaandaa kukikimbia kijiji. Mwalimu Nyerere alipendezwa sana na alichokiona huko, na ukisoma "Elimu ya Kujitegemea" na "Ujamaa Vijijini", maandiko yake mawili ya mwaka 1967, ni vigumu usiione Litowa humo ndani.

Kwa kipimo chochote cha semina za leo, hii ilikuwa asasi endelevu. Basi tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja. Mali za chama zikachukuliwa, walimu wakahamishwa, washauri wa kigeni wakaondoka. Rais wa TANU wakati huo alikuwa Nyerere huyohuyo.

Sababu haikuwa ukata, maana hawakufilisika. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba walifanikiwa bila kupitia kwa wakubwa. Viongozi wa mkoa na wa chama waliona vijiji vinavyojipangia mambo, vyenye mali na marafiki wa nje, na wananchi wasiongoja amri. Baada ya 1967 chama kilitaka ujamaa uwe kazi yake chenyewe. Litowa ilikuwa imetangulia kuufanya, na ikaufanya vizuri. Uhusiano wake na dola uliegemea zaidi nia njema ya mtu mmoja pale juu. Kamati ilipokata shauri, nia njema hiyo haikutosha.

Najua kuna atakayesema hayo yalikuwa mambo ya chama kimoja, yamepita. Kwa sehemu ni kweli. Lakini angalia ya juzi. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ikaisitisha kwa sababu za msingi, maana ukaguzi ulionyesha fedha nyingi hazirejeshwi. Mwaka uliofuata ikarudi kwa utaratibu mpya. Uamuzi unaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukamkuta mama wa kikundi kipya amekwisha kupanga msimu wake akitegemea mkopo. Januari 2025 ikawa zamu ya Washington: Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID, lililoanzishwa 1961, likafungwa. Mapendekezo ya miradi, ripoti za robo mwaka, yale makabrasha yote, hayakumzuia mtu yeyote.

Sasa, ipo asasi iliyovuka? Ipo, na sisi wapenzi wa vitabu tunaifahamu. African Books Collective ya Oxford iliundwa na wachapishaji wa Afrika, akiwemo Walter Bgoya wetu, ikaanza kuuza vitabu vyao Ulaya na Marekani mwaka 1990. Miaka ya mwanzo iliendeshwa kwa msaada mkubwa wa wafadhili, yakiwemo mashirika ya serikali za nchi za Nordiki. Tangu 2007 inajitegemea. Ilifanyaje? Ilipunguza gharama kabla ya kutafuta mapato mapya. Teknolojia ya kuchapa nakala kadiri zinavyoagizwa ilipokuja, ikaachana na mzigo wa kujaza vitabu ghalani. Zaidi ya hapo, wenye mali walikuwa wachapishaji wengi, wa nchi nyingi. Hakuna kamati ya nchi moja ambayo ingeweza kukaa mchana mmoja na kuifuta.

Ukiiweka Litowa kando ya mfano huu, naona maswali mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. La kwanza ni nani analipa. La pili ni nani anaweza kufunga. Litowa ililijibu la kwanza kwa jasho lake, lakini la pili lilibaki mikononi mwa watu wengine. Wenzetu wa vitabu walilijibu la pili mapema, kwa namna walivyogawana umiliki, wakapata muda wa kulijibu la kwanza taratibu.

Kwa hiyo nikiwa mjumbe wa asasi ya mtaani, yenye maktaba ndogo au kituo cha watoto, nisingeanzia kwenye kuku. Ningeuliza kwanza hati ya kiwanja ina jina la nani. Vitabu na mashine vimeandikwa mali ya asasi, ya mradi, au ya mwenyekiti? Diwani huyu akishindwa uchaguzi, tunamjua mwingine? Wazazi wangapi wako tayari kwenda ofisi ya mtendaji, wakiwa na haki yao kwenye karatasi, siku tutakapoambiwa tufunge? Ruzuku ya serikali tuipokee, ni kodi yetu. Ya mfadhili pia tuipokee. Ila hela hizo zinunue kile kitakachobaki, na kiandikwe kwa jina la wengi.

Ibbott aliandika habari za Litowa katika kitabu kilichotoka 2014, miaka 45 baada ya kuvunjwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Wajukuu wa waliosimamisha kile kijiji wanastahili kuisoma habari hiyo kwa Kiswahili, na wachapishaji wetu wanaosoma makala hii wanajua pa kuanzia.