Katika Kuchagua Hadithi za Miungu

Mwanafunzi akitakiwa achague hadithi za miungu za taifa moja la dunia apate kuzichungua, mara nyingi huchagua kwa tamaa ya macho: hutwaa zile zenye vita, majoka na radi. Kuvutiwa si kosa; lakini yafaa kwanza aulize, ni nani aliyezitia hadithi hizo katika maandishi, na kwa haja gani? Faida ya swali hili yaonekana wazi katika hadithi za watu wa Kaskazini ya Ulaya.

Watu wa Iceland waliingia dini ya Kikristo karibu na mwaka 1000. Lakini habari nyingi za Odin na Thor tuzisomazo leo zimo katika Edda, kitabu alichokitunga Snorri Sturluson mnamo mwaka 1220. Snorri alikuwa Mkristo, mjuzi wa sheria na mshairi. Hakuandika ili miungu ile iabudiwe. Aliandika ili washairi vijana wasipotewe na lugha ya wazee wao. Wazee hao waliiita dhahabu "nywele za Sif". Asiyejua kwamba Loki alizikata nywele za Sif, mke wa Thor, na vijeba wakamfulia nyingine za dhahabu, hawezi kulifumbua fumbo hilo.

Ama tukitazama kifo cha Balder, twaona jambo zito zaidi. Kwa Snorri, Balder ni mungu asiye na hatia. Loki amdanganya Höd, aliye kipofu, amtupie kijiti cha mmea uotao juu ya miti, naye Balder afa. Lakini Saxo Grammaticus, mwanachuoni wa Denmaki aliyeandika kwa Kilatini katika zama hizo hizo, asimulia kwamba Höd ni shujaa mwenye macho yake, apiganaye na Balder kwa ajili ya mwanamke aitwaye Nanna. Na Loki hatajwi kabisa katika kisa hicho. Aliyekufa ni yule yule, hatia imehama.

Mwanafunzi asipojua hayo, atadhani asikia sauti ya waumini wa kale, kumbe asikia wanavyuoni wawili Wakristo. Hata hivyo asikate tamaa. Yako mashairi ya zamani zaidi, yaliyohifadhiwa katika hati ya ngozi iliyoandikwa mnamo 1270. Askofu Brynjólfur Sveinsson aliipata hati hiyo mwaka 1643, ikapelekwa kwa mfalme wa Denmaki mwaka 1662, na haikurudi Iceland ila mwaka 1971. Siku hiyo watu wengi walikusanyika katika bandari ya Reykjavík kuipokea. Hawakuwa wakiwaabudu Odin wala Thor. Walikuja kuipokea lugha ya wazee wao.

Basi achague atakazo, za Kaskazini au za kwingineko, mradi amtafute mwandishi kabla ya kumtafuta mungu.