Deni la Ajali: Kutoka Tuta la Babeli Hadi Kikomo cha Milioni 3

Kwenye jiwe jeusi la Hammurabi, mfalme wa Babeli, lililochongwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo na ambalo leo limo katika jumba la Louvre mjini Paris, imo sheria ya mkulima mzembe. Aliyeacha tuta lake likabomoka na maji yakafunika mashamba ya jirani alilipa nafaka iliyopotea. Akishindwa, aliuzwa yeye pamoja na mali yake, na waliofurikiwa wakagawana fedha. Dhima ya enzi hizo, yaani wajibu wa kulipia madhara uliyosababisha, haikuwa na ukomo. Ikishamaliza ghala, ilihamia mwilini.

Katika karne ya 7 Uislamu ulikuta desturi za makabila ya Arabuni, ukazipa sura ya sheria. Aliyeua bila kukusudia alidaiwa dia, yaani fidia ya damu, ya ngamia 100, lakini hakuachiwa mzigo huo peke yake. Walioubeba ni akila, yaani jamaa zake wa kuumeni, nao walipewa miaka 3 kuumaliza. Neno dia lingalimo katika Kiswahili chetu. Kwa maoni yangu, bima ya dhima ilianzia hapo, kabla hata ya kuandikwa kwenye karatasi: kosa la mmoja, mfuko wa wengi. Asiye na ukoo, bila shaka, alikuwa na shida.

Viwanda vya karne ya 19 viliwatawanya watu mbali na koo zao. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza liliwapa wenye hisa kinga kubwa: kampuni ikianguka, wanapoteza hisa tu, nyumba zao haziguswi. Mwajiri binafsi au mwenye mkokoteni hakupata kinga hiyo. Sheria ya 1880 ilipopanua haki ya mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake, mwaka huohuo ilianzishwa London kampuni ya kuuza bima ya dhima ya waajiri. Wapo walioona ni uovu mtu kukatiwa bima dhidi ya uzembe wake mwenyewe. Biashara haikuwasubiri.

Kisha likaja gari. Majeruhi walishinda kesi na kurudi nyumbani na hukumu tupu mkononi, kwa kuwa aliyewagonga hakuwa na kitu. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani likafanya bima ya gari kuwa ya lazima mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya 1930. Hapa msomaji atulie kidogo. Sheria hizo zilitungwa ili aliyegongwa alipwe; kulinda utajiri wa mwenye gari halikuwa lengo lake. Pengo hilo ndilo lililozibwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale soko la bima la Lloyd's la London lilipoyauzia makampuni ya Marekani bima mwavuli, inayoanza kulipa pale bima ya kwanza inapofika kikomo. Baadaye ikawafikia watu binafsi. Leo Mmarekani mwenye nyumba na gari huinunua kwa kawaida kuanzia dola milioni 1, kwa sharti kwamba bima zake za chini ziwe tayari na viwango vya kutosha.

Afrika Mashariki iliipokea nusu ya hadithi. Sheria za bima ya lazima ya magari zilitungwa Kenya na Tanganyika mwaka 1945, kwa mfano wa Uingereza. Tanzania ilitaifisha bima mwaka 1967, ikafungua tena soko mwaka 1996, na katika mabadiliko yote hayo bima ndogo, yaani ile ya lazima ya kumlipa mtu wa tatu, kwa miaka mingi ilibaki ileile: stika kwenye kioo, trafiki akiiona alikuruhusu uende. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Marekebisho ya 2006 yaliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Tuseme mahakama imempa majeruhi milioni 5. Kampuni inalipa 3. Hizo 2 zilizobaki ni deni la mwenye gari, na dalali wa mahakama anajua kwake.

Kwa hiyo, unapokata bima, muulize wakala maswali mawili kabla ya kulipa: kikomo cha dhima ni shilingi ngapi, na nyongeza yake ni bei gani? Dalali akija kukamata mali, sheria ya Kenya ya mwenendo wa madai inamwachia mdaiwa nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi yake. Nyumba haimo katika orodha hiyo.