Habari za Waelmolo, Wavuvi wa Ziwa Turkana, na Jinsi Walivyoiacha Lugha Yao

Sisi tukaao Kewanja, katika nchi ya Wakuria karibu na Mto Mara, tumelelewa katika desturi ya kumpima mtu kwa ng'ombe zake. Mahari ni ng'ombe, heshima ni ng'ombe, na wazee wakikumbuka ugomvi wa zamani, mara nyingi chanzo chake ni ng'ombe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia habari za watu wasiofuga, ambao chakula chao ni samaki, huwahurumia au huwacheka kabla hajauliza lolote. Mimi nami nilikuwa hivyo. Lakini nimesoma habari za kabila moja dogo la wavuvi, nazo zimenigeuza mawazo. Naziandika hapa kwa ajili ya waalimu wenzangu na wachungaji, kwa kuwa jambo lililowapata watu hao laweza kupata kabila lo lote, na sisi tunaoshika chaki tumo katika jambo hilo.

Kabila hilo ni Waelmolo. Wanakaa kaskazini ya mbali ya Kenya, ufukoni mwa Ziwa Turkana, upande wa kusini-mashariki, karibu na Loiyangalani. Vijiji vyao vijulikanavyo zaidi ni Komote na Layeni. Nchi yenyewe ni mawe meusi yaliyotoka katika milima ya moto. Mvua ni haba, jua ni kali, na upepo ushukao kutoka upande wa mlima Kulal huvuma kwa nguvu nyingi. Maji ya ziwa yana magadi, wala hakuna mto wa karibu wenye maji matamu. Watu wameyanywa maji hayo tangu zamani, na madini yaliyomo huyatia meno yao rangi ya kahawia na kuipinda mifupa ya miguu.

Hata hivyo waliishi, na waliishi kwa akili. Walifunga magogo ya mkoma pamoja wakapata chelezo, wakakiendesha kwa pondo. Kwa nyuzi za mkoma huo huo walisuka nyavu na kamba, na kwa majani yake waliezeka vibanda vyao vya mviringo. Silaha yao kuu ilikuwa chusa, yaani mti mrefu wenye ncha itokayo mahali pake ikisha kumwingia mnyama, nayo imefungwa kamba mkononi mwa mvuvi. Kwa chusa walimpata sangara, ambaye kwetu Ziwa Viktoria aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, lakini kwao ni mwenyeji wa asili. Waliwinda mamba na kobe wa majini pia, na zaidi ya wote kiboko. Kazi ya kiboko haikuwa ya mtu mmoja. Walikwenda wengi pamoja, na aliyemwua alipewa heshima kama ile apewayo shujaa wa vita kwa makabila mengine.

Jina la Elmolo si lao. Ni la lugha ya Wasamburu, jirani zao wafugaji, na latokana na maneno ambayo maana yake ni watu walao samaki. Wao wenyewe walijiita Gurapau, yaani watu wa ziwa. Msomaji aone tofauti iliyopo: jirani alitazama sahani yao, akaona upungufu, wenyewe walitazama nchi yao, wakaona makao.

Wazungu wa kwanza kufika ziwani ni Teleki na von Höhnel, mwezi wa Machi mwaka 1888. Walilipa ziwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, nalo likadumu hata mwaka 1975 lilipoitwa Turkana. Von Höhnel aliandika habari za wavuvi hao maskini. Mwaka 1934 walikuja wengine, wakiongozwa na Vivian Fuchs. Wawili katika wafuasi wake, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, wala hawakuonekana tena. Huyo Dyson alikuwa amekusanya habari za Waelmolo, nazo zilichapishwa mwaka 1937 kwa jina lake na la Fuchs. Wakati ule kabila zima lilikuwa pungufu ya watu mia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua ng'ombe wasiohesabika. Na ndui ikaua watu. Wasamburu waliokuwa matajiri waliamka asubuhi hawana kitu. Mwanahistoria Neal Sobania ameonyesha kwamba katika taabu hiyo wafugaji waliofilisika walishuka ziwani kwa wavuvi, wakajifunza kuvua, wakapona. Mifugo ilipoongezeka tena, wengi walirudi katika ufugaji. Basi wale waliodharauliwa kwa kula samaki ndio waliowalisha waliowadharau.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo heshima ya wavuvi ingepanda. Haikuwa hivyo. Waelmolo wenyewe walianza kutamani maisha ya majirani. Walioana nao, wakapata mifugo kidogo, wakashika nyimbo, mavazi na desturi za Kisamburu, na pamoja na hayo wakaishika lugha. Lugha yao ya zamani ni ya jamii ya Kikushi, ndugu ya lugha za Waarbore na Wadasanach wa upande wa kaskazini ya ziwa. Kisamburu ni lugha nyingine kabisa. Hakuna jeshi lililowakataza kuisema lugha yao. Wazazi waliacha kuwasemesha watoto, basi. Bernd Heine, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, alipoichunguza katika miaka ya 1970, alikuta ni wazee wachache tu waijuao.

Lakini si yote yaliyopotea. Kisamburu ni lugha ya watu wa ng'ombe. Kina majina mengi ya rangi za ng'ombe, bali majina ya samaki ni machache. Kwa hiyo Waelmolo walipoanza kusema Kisamburu, walibaki na maneno yao ya zamani kwa samaki, kwa vyombo vya uvuvi, na kwa mambo ya ziwa. Kazi yao iliyoitwa ya kimaskini ndiyo iliyoyahifadhi maneno.

Hali hii si ya mbali kama tudhanivyo. Katika ziwa letu, Wasuba wa Rusinga na Mfangano wengi wameiacha lugha yao ya Kibantu, wakashika Kijaluo.

Katika sensa ya mwaka 2019 Waelmolo walihesabiwa 1,104, na wengi wao wamechanganyika na Wasamburu na Waturkana. Katika miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda, yakakitenga kijiji cha Komote na nchi kavu, yakafunika hata makaburi ya wazee wao. Pamoja na taabu hiyo, wenyewe wameanza kuyakusanya maneno yaliyobaki na kuwafundisha watoto wao.

Waalimu wenzangu, mtoto ajapo shuleni huleta maneno ya kazi ya baba yake, na mara nyingi hutufikia akiwa ameyaonea haya. Tusimwongezee haya hiyo. Tumwulize baba yake huitaje kila kamba, kila chombo na kila samaki, nasi tuyaandike. Kazi hiyo yataka daftari moja na jioni chache, nayo hufaa zaidi mzee angali hai.