Wageni wa Malindi na Kikundi Chetu



Kamati ilituomba tuandike historia ya miaka kumi, tuanzie mkutano wa kwanza pale chini ya mkwaju mwaka 2015. Sisi tumeona tuanze mbali kidogo. Kikundi hiki kilizaliwa na mahoteli, au tuseme kweli, kilizaliwa mahoteli yalipofungwa.

Malindi imezoea wageni. Vasco da Gama alifika 1498, na nguzo yake hadi leo watu huenda kuipiga picha. Lakini utalii wenyewe ulianza miaka ya 1930, hoteli za kwanza zilipojengwa ufukweni. Waliokuja zaidi ni walowezi wa Kizungu kutoka bara, kupunga upepo na kuvua samaki wakubwa. Hata Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuja kuvua mwaka 1934. Siku hizo kazi za ndani na za hoteli zilikuwa hasa za wanaume, mpishi hadi dobi. Bibi zetu, kama walivyotusimulia, waliuza mayai na nazi mlangoni, basi.

Baada ya Uhuru ndipo Waitaliano walipokuja. Wengi hudhani walivutwa na mchanga tu. Kule Ngomeni, kaskazini mwa mji, walikuwa na kituo chao cha San Marco, wakirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Ya kwanza kutoka hapo iliruka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikarushwa nyingine ya Wamarekani ikapewa jina la Uhuru. Mafundi walirudi kwao na sifa za Malindi. Kufika miaka ya 1980 na 1990, mji ulikuwa na majumba ya makuti ya Waitaliano, mikahawa yao na maduka yao.

Hapo ndipo sisi kina mama tulipopata nafasi. Nyumba ya mgeni inataka mtu wa kufua, wa kupika, wa kutunza watoto. Kiitaliano tulijifunzia jikoni. Wapo wenzetu ambao hawakuingia darasani hata siku moja, lakini mpe kikoi auze, utasikia bei inavyokatwa kwa Kiitaliano bila kigugumizi!

Ila mshahara ulikuwa wa msimu. Desemba hadi Machi una kazi, Agosti kidogo, halafu masika yakianza unaambiwa, "Nenda nyumbani, tutakuita." Na kulikuwa na miaka ambayo hatukuitwa. Ghasia za Likoni Agosti 1997 ziliwafukuza wageni pwani nzima. Bomu la Kikambala Novemba 2002 likafanya hivyo hivyo, na fujo za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, vilevile. Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, na serikali za Ulaya zikawa zinawaonya watu wao wasije. Hoteli waliyofanyia kazi wanne wetu ilifunga lango na mishahara ya miezi mitatu ndani. Mpaka leo haijalipwa.

Basi tulianza na shilingi hamsini kwa wiki, watu kumi na wanane, kasha la bati na kufuli tatu. Kosa letu la kwanza ni kukopeshana kama watu wa mshahara wa kila mwezi. Mei 2016 wanachama saba walishindwa kulipa na nusura kikundi kivunjike. Wengine walitaka vyombo vya watu vichukuliwe. Mama mmoja akasimama akasema, "Mtamnyang'anya mwenzenu sufuria ambayo ndiyo anapikia mahamri ya kuwalipa nyinyi?" Tulizozana mpaka magharibi. Mwisho tukapitisha kwamba Aprili hadi Juni mkopo unapumzika, na malipo yanaongezwa Desemba.

Wakati huo huo mgeni mwenyewe alikuwa akibadilika. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipoanza 2017, Wakenya wenzetu waliongezeka, wakishuka Mombasa na kupanda matatu kuja huku. Huyu haji kwa miezi mitatu. Anakuja Pasaka, likizo za shule, Krismasi, siku nne tano na watoto, anakodi nyumba yenye jiko. Kikoi hanunui sana, na bei anaijua. Lakini anakula! Samaki wa kupaka, viazi karai, mahamri na mbaazi asubuhi. Waliokuwa wakifua mashuka sasa wanapika kwa oda.

Aprili 2020, kwa ajili ya korona, kuingia na kutoka kaunti ya Kilifi kulipigwa marufuku, na tangu Machi ndege za nje zilikuwa zimesimamishwa. Hakuna Mtaliano, hakuna wa Nairobi. Tulifungua kasha kabla ya wakati na kugawana, kila mtu alichoweka. Baadhi yetu tulidhani ndio mwisho. Mwezi wa Septemba tukaitana tena chini ya mkwaju, wakaja kumi na wanne.

Leo tuko thelathini na mmoja. Wenye kazi ya hoteli ni watano tu, na kanuni ya Aprili hadi Juni haijafutwa, ingawa kila mwaka kuna mtu husimama akataka ifutwe.