Kutoka Iffley hadi Oxford kwa miguu, na ugomvi wa miaka 600

Wengi mmeniuliza Oxford inafananaje. Majengo mmeshayaona kwenye picha, kwa hiyo leo nawapitisha njia ya mtoni, maana ndiyo njia ambayo mji wenyewe uliingiliwa. Oxford maana yake ni kivuko cha ng'ombe, basi. Kulikuwa na ng'ombe kabla ya maprofesa.

Mnaanzia kijiji cha Iffley, kusini, ambako kuna kanisa la karne ya 12, na mnapanda na mto Thames kama kilomita mbili na ushee. Njia ni ya udongo na kokoto, imenyooka kando ya maji. Zamani farasi walipita hapa wakivuta matishari kwa kamba.

Pale Iffley simameni kidogo kwenye mlango wa maji. Ni chumba kirefu chenye malango mbele na nyuma. Boti inaingia, lango linafungwa, maji yanaachiwa ndani mpaka yalingane na ya juu, boti inaendelea na safari. Wa kwanza ulijengwa hapa 1631, miongoni mwa ya mwanzo kabisa kwenye Thames yote. Kabla ya hapo mizigo kutoka London iliishia Burcot, halafu mikokoteni hadi Oxford. Mnajua nauli ya mkokoteni inavyopandisha bei ya kuni na makaa!

Sasa utamu uko hapa: kamati iliyosimamia kazi hiyo ilikuwa na watu wa chuo na watu wa mji, pamoja. Mnaweza kudhani ni jambo la kawaida. Subirini.

Mkiendelea, ng'ambo ya mto mtaona mabanda ya boti ya vyuo (Oxford ni vyuo vingi ndani ya chuo kimoja). Mto ni mwembamba, boti haziwezi kupitana, kwa hiyo mashindano yao ni kumgonga aliye mbele yako. Mimi nimecheka sana. Kisha daraja la Folly, lililojengwa miaka ya 1820 mahali pa daraja la mawe la Wanormani, na barabara inapanda hadi njia panda ya Carfax.

Hapo Carfax palikuwa na baa iitwayo Swindlestock. Tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi wawili walilalamika kwamba mvinyo ni mbovu, wakammwagia mwenye baa usoni. Kengele zikapigwa, za mji na za chuo, watu wakatoka na pinde. Siku tatu! Inahesabiwa wanafunzi 63 walikufa, na wenyeji wapata 30. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1209 mwanamke aliuawa, wenyeji wakawanyonga wanafunzi kwa kisasi, wengine wakakimbia, na baadhi yao ndio walioanzisha Cambridge. Ndiyo, ile Cambridge.

Mfalme Edward III akaamua upande wa chuo. Chuo kikapewa mamlaka juu ya bei ya mkate, bia na mvinyo mjini. Hebu fikirini utawala wa chuo upange bei ya chipsi mayai za mtaani! Wanafunzi tungeshangilia, lakini mama ntilie je? Mimi kwa hili naona mji ulionewa. Wenyeji nao walizika watu wao. Juu ya hayo, meya, maofisa wake wawili na wakazi 60 walitakiwa kila tarehe 10 Februari kwenda kanisani St Mary's, kila mmoja atoe peni moja. Peni 63, roho 63.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini ule mlango wa maji wa Iffley umenishangaza. Watu hawa walikaa meza moja kwa sababu ya makaa ya mawe, huku kila Februari upande mmoja unapelekwa kuinamishwa kichwa. Tishari la kwanza lilifika Oxford 1635, na peni zikaendelea kulipwa mpaka 1825, meya alipokataa kwenda.

Mwaka 1955, tarehe ileile ya Februari, chuo kilimpa meya shahada ya heshima, na mji nao ukampa makamu mkuu wa chuo uraia wa heshima. Baa haipo tena. Kuna kibao ukutani, na wanaosimama kukisoma ni wageni kama mimi.