Majina ya Mahali na Ukaguzi wa Malikale katika Ardhi ya Piyaya

Sheria za ardhi za 1999 ziliigawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Kuitoa ardhi katika fungu moja na kuitia katika jingine huitwa uhawilishaji. Vitu vya kale vilivyomo udongoni vina sheria yao, ile ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, pamoja na milango ya nakshi ya kabla ya 1940.

Kipimo hicho chaelekea pwani, penye magofu ya mawe. Katika kata ya Piyaya, wilayani Ngorongoro, boma la wafugaji hujengwa kwa miti na miiba. Likihamwa, husalia tabaka la samadi lililogeuka vumbi la kijivu. Hakuna jicho liwezalo kutambua kama boma hilo ni la 1850 au la 1900. Ni lazima aulizwe mwenyeji, tena kwa Kimaasai.

Hata kabla ya kukanyaga ardhi yenyewe, mtafiti hupekua kumbukumbu, na hapo majina humpoteza. Katika Milima ya Gol upo mwamba wa Nasera, ambao chini yake yamefukuliwa matabaka tangu Zama za Mawe za Kati hadi wafugaji wa mwanzo. Louis Leakey, aliyechimba hapo 1932, aliuita Apis. Atafutaye Nasera katika maandishi yake hataiona. Kadhalika, neno oldupai, yaani mkonge pori, lilisikiwa na Mjerumani Wilhelm Kattwinkel mwaka 1911, likaingia vitabuni kama Olduvai. Kosa la sikio moja limedumu zaidi ya karne.

Jambo hili si la wanaakiolojia peke yao. Juni 2022 viliposimikwa vigingi vya eneo la kilometa za mraba 1,500 huko Loliondo na Sale, mzozo ulikuwa juu ya malisho na makazi. Mahame hayakuwa na msemaji. Orodha ya majina ya mahali, ikikusanywa mapema na mwanaisimu ajuaye Kimaa, ingekuwa nusu ya ukaguzi. Engare, kwa mfano, ni maji, na penye maji watu wa kale walipiga kambi.

Huko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, mkazi wa hapo ndiye aliyeziona kwanza nyayo za binadamu zilizogandamana katika majivu ya volkano. Wanasayansi walipozihesabu zilizidi 400, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2016.